Pipali inapogoma: kutafuta kiini cha tatizo kuanzia kipando hadi suke kavu

Jani la pipali likigeuka njano, wengi hukimbilia mbolea, na mara nyingi mbolea hiyo ndiyo inayoumaliza mche. Pipali, yaani pilipili ndefu (Piper longum), ina mizizi mifupi inayokaa juujuu ya udongo. Karibu kila kinachoonekana kwenye jani leo kilianzia huko chini siku kadhaa nyuma. Kwa hiyo kabla ya kushika chupa ya dawa au mfuko wa mbolea, shika kijiti, fukua udongo wa juu kwa upole na utazame mizizi. Ikiwa myeupe na imara, tatizo liko juu. Ikiwa ya kahawia na inateleza vidoleni, usipoteze muda na majani.

Ili ujue kilichoharibika, ujue kwanza mmea mzima unavyokaa. Pipali hutambaa chini, na ikipata cha kuegemea hupanda kidogo. Marando yanayotambaa hubeba majani mapana yenye umbo la moyo na vikonyo virefu. Machipukizi yanayosimama, yale yanayozaa masuke (ndiyo zao lenyewe), hubeba majani membamba zaidi yasiyo na kikonyo, yaliyolikumbatia shina moja kwa moja. Tofauti hiyo ya kikonyo itatusaidia huko mbele kuliko kipimo chochote cha maabara.

Mmea huu unataka joto, hewa yenye unyevu, udongo wenye mboji nyingi usiotuamisha maji, na kivuli chepesi cha kama robo ya jua. Ndiyo maana katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, hupandwa chini ya minazi, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Kerala kilitoa aina iitwayo Viswam mahsusi kwa kilimo cha mseto cha namna hiyo. (Neno letu pilipili lenyewe ni mjukuu wa pippali ya Kisanskriti, lililosafiri kupitia Kiajemi na Kiarabu. Jina lilifika mbali kuliko mmea wenyewe.)

Vipando vinaoza au vinakaa tu bila mizizi

Kipando kizuri kina vifundo vitatu hadi vitano, kimekatwa kwenye rando lililokomaa kiasi: si ncha laini inayovunjika kama mchicha, wala si sehemu kuukuu iliyogeuka kahawia. Kwenye kiriba, yaani mfuko wa kitalu, kikitunzwa vizuri, hutoa mizizi ndani ya siku 15 hadi 20. Zikipita siku 30 na jicho halijaamka, kivute taratibu. Kikitoka bila kukataa, hakina mzizi hata mmoja.

Sehemu ya chini ikiwa nyeusi na inanuka, maji yalizidi. Chanzo kikubwa hapa ni udongo wa mfinyanzi uliojazwa kwenye viriba bila mchanga, au viriba visivyotobolewa chini. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu sawa za udongo wa juu, mchanga na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huchemka na kuunguza kipando kabla hakijaanza. Tia kiganjani mchanganyiko uliomwagiwa maji, ukaze ngumi: ukitoa tone moja au mawili unafaa, ukichuruzika umezidi.

Sehemu ya chini ikiwa kavu na imesinyaa, angalia mambo mawili. La kwanza ni jua: kitalu hutaka kivuli kizito kuliko shamba. La pili linachekesha lakini hutokea kila msimu, nalo ni kipando kilichosimikwa kichwa chini. Rando likishakatwa vipande na kuchanganywa kwenye ndoo, ncha zote hufanana. Dawa yake ni kukata ncha ya chini kwa mshazari na ya juu kwa unyoofu, papo hapo wakati wa kukata, kisha usimike vifundo viwili ardhini na kuacha kimoja au zaidi juu.

Kuna kosa la tatu, la wakati. Wakulima wa Kerala huandaa kitalu mwezi Machi na Aprili ili miche iwe tayari mwishoni mwa Mei na ihamishwe shambani mvua za monsuni zinapoanza mwezi Juni. Mche uliohamishwa katikati ya kiangazi hutumia nguvu zake zote kujinusuru badala ya kutambaa.

Majani ya njano

Njano peke yake haielezi kitu. Uliza: majani yapi, na njano ya namna gani?

Ikiwa ni majani ya chini, njano sawasawa kuanzia ncha hadi kikonyo, na machipukizi mapya ni madogo na yamepauka, mmea una njaa ya naitrojeni. Hii ndiyo hali pekee katika sehemu hii ambapo kuongeza samadi ndiyo jibu. Kipimo cha kawaida cha shamba ni tani 20 za samadi kwa hekta, yaani kilo 2 kwa kila mita mraba kwa mwaka, iliyooza na kutandazwa juu kisha kuchanganywa kwa vidole tu. Jembe lisiingie, maana mizizi iko hapo hapo unapotaka kupiga.

Ikiwa ni majani ya chini lakini yamelegea, na udongo una maji au harufu ya kinamasi, mizizi inakosa hewa. Ukiongeza mbolea hapa unammiminia uji mtu aliyekabwa koo. Chimba mfereji kando ya tuta, inua tuta, acha udongo upumue, ndipo umwagilie tena kwa kipimo.

Ikiwa ni majani machanga ya juu, njano lakini mishipa imebaki kijani, mmea haupati chuma. Mara nyingi chuma kipo udongoni, ila udongo una chokaa nyingi au maji ya kumwagilia ni magumu, hivyo mizizi inashindwa kukifyonza. Hutokea sana kwenye vyungu vinavyomwagiliwa maji ya bomba mwaka mzima. Badilisha udongo wa juu kwa mboji, tumia maji ya mvua ukiyapata, na usubiri majani mapya. Ya zamani hayarudi kijani.

Ikiwa ni mabaka yaliyopauka na kukauka upande unaotazama jua, jani limeungua. Kivuli ni kidogo.

Ikiwa ni njano ya jumla, mmea umedumaa, na kiangazi kimeshika, fukua. Hapa ndipo penye adui asiyeonekana: vidung'ata wa mizizi. Utawaona kama unga mweupe umenyunyizwa kwenye mizizi na kwenye shingo ya shina, na karibu kila mara kuna sisimizi wanapita njia. Sisimizi ndio wachungaji wao. Huwahamisha kutoka mche hadi mche na kulamba utomvu wao mtamu. Ukiua vidung'ata ukaacha sisimizi, wiki chache tu wako palepale. Ng'oa miche iliyozidiwa. Iliyobaki imwagie shinani maji ya mbegu za mwarobaini (kipimo kiko chini kwenye sehemu ya madoa na matundu), vuruga viota vya sisimizi kwa maji ya moto mbali na mizizi, na rudisha matandazo na unyevu. Wadudu hawa hustawi udongo unapokauka, kwa hiyo umwagiliaji wa kawaida ni nusu ya dawa. Kwenye kitalu kagua kila kiriba kabla ya kupanda: mche mmoja wenye unga mizizini unaambukiza tuta zima.

Ukikuta vinundu vilivyovimba kama shanga kwenye mizizi, hao ni minyoo fundo. Mche wa namna hiyo hautibiki vizuri. Uondoe na mizizi yake yote, na mahali hapo usipande pipali, nyanya wala bilinganya kwa muda, kwa sababu zote zinalisha minyoo hiyo hiyo.

Mche umenyauka na udongo umeloa

Tenga kwanza mnyauko usio na madhara. Mche unaolegea saa nane mchana na kusimama tena jioni unajikinga na joto tu. Mche unaoamka alfajiri ukiwa umelegea, huku udongo una maji, ni mgonjwa.

Piga goti, ondoa matandazo, tazama shingo ya shina pale linapoingia ardhini. Doa jeusi lenye majimaji linalozunguka shina, ngozi inayochubuka ukiigusa, na majani yanayodondoka yakiwa bado kijani kibichi: huo ni uozo unaosababishwa na vimelea vya jamii ya Phytophthora. Hupenda siku za mvua mfululizo na husafiri na maji. Ndiyo maana utaona miche inakufa kwa mstari, kufuata mteremko, si kwa kurukaruka. Ukiona mstari huo huhitaji ushahidi zaidi.

Mche uliooza shingo haurudi. Ung'oe pamoja na udongo wake wa karibu, uweke ndani ya mfuko papo hapo usije ukaupukutisha njiani, kisha uchome. Usiutie kwenye lundo la mboji. Geuza njia ya maji ili yanayotoka kwenye shimo hilo yasipite kwa wengine. Kisha wakinge majirani kwa mchanganyiko wa Bordeaux, yaani mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa katika maji, ambao umedumu kwa sababu ni rahisi, ila ukikosea mpangilio unaunguza majani.

Kwa lita 10 za asilimia 1:

1. Gramu 100 za mrututu zifunge kwenye kitambaa, zining'inize ndani ya lita 5 za maji kwenye ndoo ya plastiki hadi ziyeyuke zote. Chombo cha chuma au bati kisitumike.
2. Gramu 100 za chokaa mpya zikoroge kwenye lita 5 nyingine, ndoo tofauti, kisha uchuje. Chokaa iliyokaa wazi miezi mingi imeshapoteza nguvu.
3. Mimina maji ya mrututu ndani ya maji ya chokaa, taratibu, huku ukikoroga. Ukigeuza mpangilio huo utapata chengachenga zinazoziba bomba.
4. Chovya kisu safi au msumari usio na kutu kwa dakika moja. Ukitoka na utando mwekundu wa shaba, chokaa haijatosha. Ongeza kidogo kidogo hadi msumari utoke safi.
5. Tumia siku hiyo hiyo. Mabaki ya kesho hayana kazi.

Asilimia 1 ni ya kumwagia udongoni kuzunguka shingo, mara moja kwa mwezi katika msimu wa mvua. Kwa majani tumia asilimia 0.5, yaani gramu 50 kwa 50 katika lita 10, kila baada ya wiki mbili. Vaa glavu na kinga macho: mrututu huwasha, na chokaa huchoma. Anayependelea kutumia kuvu rafiki wa Trikoderma aichanganye na mboji na kuitandaza shinani, lakini si pamoja na Bordeaux. Shaba huiua Trikoderma kama inavyoua vimelea, kwa hiyo achanisha matumizi kwa wiki kadhaa au chagua njia moja.

Na tukiri jambo: dawa hii ni kinga. Shamba lenye tuta la chini na maji yaliyotuama litapuliziwa hadi mrututu uishe dukani na bado litaoza.

Majani tele, masuke hakuna

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na lina majibu mengi. Pitia kwa mpangilio huu, maana sababu za mwanzo ni rahisi kuzithibitisha.

*Umri.* Pipali huanza kuzaa takribani miezi sita baada ya kupandwa. Kabla ya hapo hakuna kesi.

*Je, ni pipali kweli?* Kuna ndugu yake, Piper sarmentosum, anayelimwa kwa ajili ya majani ya kufungia vyakula Asia ya Kusini Mashariki, na miche yake huuzwa mara nyingi kwa jina la pilipili ndefu. Mche wake ukiwa mchanga huwezi kuutofautisha kwa haraka. Subiri suke: la sarmentosum ni fupi na vitunda vyake hubaki kama tufe laini, na likikauka halina ukali wa kuchoma ulimi. Kama umenunua mche bila kuona mama yake akiwa na masuke, shaka hii ibaki mezani.

*Kuna machipukizi yanayosimama?* Tazama vikonyo. Kama mmea mzima una majani ya moyo yenye vikonyo virefu tu, uko katika hali ya kutambaa, na hali hiyo haizai. Masuke hutokea kwenye machipukizi yenye majani yasiyo na kikonyo. Kinachouweka mmea katika hali ya kutambaa kwa kawaida ni kivuli kizito. Saa sita mchana tandaza kitambaa cheupe juu ya tuta: kivuli kikifunika karibu robo, uko sawa. Kikifunika zaidi ya nusu, punguza matawi ya miti ya juu. Usiyaondoe yote kwa siku moja, kwani majani yaliyozoea giza huungua ndani ya siku mbili. Gawa kazi hiyo kwa wiki mbili au tatu.

*Chakula kimezidi?* Majani makubwa ya kijani iliyokolea, marando marefu yenye nafasi kubwa kati ya kifundo na kifundo: naitrojeni imezidi. Acha samadi ya kuku na mbolea ya kukuzia, tandaza mboji ya kawaida tu, na msimu mmoja utatosha kurekebisha.

*Kiangazi.* Bila maji, pipali huacha kutoa masuke ingawa majani yake yanaweza kubaki kijani kwa muda. Ndiyo maana mtu huapa kwamba mmea wake hauna tatizo. Kwenye kiangazi mwagilia angalau mara moja kwa wiki, kwa kina, na funika ardhi kwa matandazo ya majani makavu au nyasi. Matandazo yasigusane na shingo ya shina. Acha upana wa vidole vitatu.

*Msongamano.* Nafasi ya kupanda ni sentimita 60 kwa 60. Baada ya mwaka marando hufunika nafasi yote, na hilo ni sawa, lakini yakilaliana tabaka juu ya tabaka, ya chini huoza na ya juu hayasimami. Yapogoe.

Masuke yapo, ila membamba, kisha yanadondoka

Pipali ina miche dume na miche jike, kila mmoja peke yake. Suke dume ni refu na jembamba kama uzi mnene, la sentimita kadhaa. Halinenepi. Humaliza kazi yake na kuanguka. Suke jike ni fupi, nene, la sentimita 2 hivi, nalo huvimba na kukaza kadiri vitunda vinavyokua. Ukiwa na tuta zima la masuke marefu yanayodondoka, ulinunua vipando vya mche dume, na hakuna mbolea itakayobadilisha jinsia yake. Suluhisho ni kupanda upya kwa vipando vilivyokatwa kwenye mche jike uliouona kwa macho yako ukiwa na masuke. Mbegu hazisaidii, kwa kuwa hutajua jinsia hadi mche uzae.

Suke likiwa jike, lilianza vizuri kisha likasinyaa upande mmoja na kuwa jeusi, chukua lenzi ya kukuza au tumia macho makini asubuhi: huenda ni mdudu tunayemjadili hapa chini.

Madoa na matundu kwenye majani machanga

Watuhumiwa ni wawili, na watu huwachanganya.

Wa kwanza ni Helopeltis, anayejulikana kwa wengi kama mbu wa mikorosho. Hufyonza jani changa, na kila anapochoma hubaki doa dogo lenye majimaji ambalo siku inayofuata ni la kahawia, na baadaye hukauka na kutoboka. Dalili yake ni haraka: jana jani lilikuwa safi, leo lina madoa ishirini. Madoa huwa kwenye majani laini ya juu tu, yale magumu ya chini hayaguswi. Yeye mwenyewe humkuti mchana wa jua. Tafuta alfajiri au jioni chini ya majani.

Wa pili ni chule, ugonjwa wa kuvu. Madoa yake hukua polepole, yana pete ndani ya pete, ukingo wa njano, na hutokea kwenye majani makubwa kwa madogo, hasa baada ya mvua ndefu. Chule hutibiwa kwa kuondoa majani yaliyoathirika na kupulizia Bordeaux ya asilimia 0.5 kama ilivyoelezwa. Bordeaux haimfanyi kitu mbu wa mikorosho, na mwarobaini haufanyi kitu kwa chule. Hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Kwa mbu wa mikorosho, chukua gramu 500 za kiini cha mbegu za mwarobaini, twanga, loweka usiku mzima kwenye lita 10 za maji, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko kimoja au viwili vya sabuni ya maji ili dawa ishike. Pulizia jioni, ukilenga machipukizi laini na chini ya majani, na urudie baada ya siku saba hadi kumi. Panga kazi hiyo mara tu baada ya kuchuma. Usipulizie masuke utakayochuma juma hilo, kwani uchungu wa mwarobaini hukaa na zao lenyewe huliwa.

Mavuno yalipendeza, zao kavu halifai

Suke huwa tayari takribani miezi miwili tangu lilipochomoza, na huchumwa likiwa kijani iliyokolea kuelekea weusi, gumu, kabla ya kuiva. Anayesubiri liive akidhani anaongeza ladha hupata kinyume chake: suke lililoiva hulainika, hupoteza ukali na hugoma kukauka vizuri. Suke lililochumwa changa mno, nalo, hukauka na kuwa kamba nyepesi isiyo na harufu. Kwa kuwa masuke hayakomai pamoja, chuma kwa awamu, mara tatu au nne kwa mwaka, badala ya kufagia yote siku moja.

Ukungu wa kijivu au kijani kwenye gunia una sababu moja karibu kila mara: zao lilifungwa kabla halijakauka. Kukausha huchukua siku nne hadi tano za jua kali, masuke yakiwa yametandazwa tabaka moja juu ya mkeka au kichanja, si ardhini, yakigeuzwa mara kadhaa na kuingizwa ndani kila jioni kabla umande haujashuka. Umande wa usiku mmoja unakurudisha siku mbili nyuma.

Usiamini macho hapa. Tumia mizani: kilo 10 za masuke mabichi hutoa takribani kilo 1.5 za makavu. Weka pembeni kilo moja kamili ya sampuli tangu siku ya kwanza, ukaushe pamoja na mengine. Ikifikia gramu 150 hivi, karibu umefika. Ikiwa bado gramu 230, rudisha juani hata kama ngozi inaonekana kavu. Kisha vunja suke moja: linatakiwa kukatika kwa mlio, na ndani liwe kavu hadi kwenye uti. Likijikunja, bado. Acha lipoe kabla ya kufunga, maana joto lililofungiwa hugeuka jasho ndani ya chombo.

Zao lililohifadhiwa vizuri halafu likatoa unga na matundu madogo ya duara limeingiwa na vifukusi wa ghala. Chekecha, yatenge yaliyotobolewa, anika mengine tena siku moja na uyahamishie kwenye chombo kinachofunga hewa. Usisage kabla ya mahitaji: harufu ya pipali hutoroka haraka sana ikishakuwa unga.

Pipali ya dukani inatia shaka

Masuke makubwa, manene, yaliyochongoka kuelekea ncha, huenda ni Piper retrofractum, pilipili ndefu ya Java. Si sumu na inaliwa, ila anayetengeneza dawa kwa kufuata kipimo cha pipali anapaswa kujua ameshika kitu kingine. Pipali yenyewe ni ndogo, ya kijivu kuelekea weusi, uso wake una vinundu vidogo vilivyopangika kwa karibu. Tafuna kipande: ladha huanza na utamu hafifu, kisha ukali unapanda na kuacha ganzi kidogo na mate mengi. Isiyotoa mate imechakaa.

Imetumika, tumbo linawaka

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, pipali hutumika kwa kikohozi, mafua na mmeng'enyo wa chakula, na ni moja ya viungo vitatu vya trikatu, pamoja na pilipili manga na tangawizi kavu kwa vipimo sawa. Kiungulia kwa kawaida hutokana na unga uliotumika tumbo likiwa tupu au kwa wingi. Kwa jadi huchanganywa na asali, samli au maziwa, na waganga wa Ayurveda wenyewe huonya isitumike mfululizo bila usimamizi. Anayepata kiungulia apunguze, na akiendelea kukipata aache.

Kuna dalili nyingine isiyohusishwa na pipali kirahisi: dawa ya hospitali inaanza kuleta madhara ambayo haikuwa nayo. Piperini, kemikali inayoleta ukali, huzuia baadhi ya vimeng'enya vya utumbo na ini vinavyovunja dawa, hivyo kiasi cha dawa kwenye damu hupanda. Imeonekana kwa fenitoini ya kifafa, propranololi ya moyo na theofilini ya pumu. Anayetumia dawa hizo, au dawa yoyote ya kila siku, pamoja na mjamzito, amwambie daktari au mfamasia kabla ya kuanza vidonge au unga wa pipali. Chembe za kukolezea mchuzi ni jambo jingine.

Mwaka wa nne mavuno yameporomoka

Ukishakagua kivuli, maji na mizizi na kila kitu kiko sawa, mmea umezeeka tu. Pipali hupanda mavuno hadi mwaka wa tatu, kisha hushuka, na kuubembeleza kwa mbolea hakulipi. Ng'oa, lakini usitupe: mizizi na sehemu nene ya chini ya shina ni zao la pili, pippalimula, linalotumika Ayurveda kwa jina lake lenyewe. Linafaa kuvunwa tangu mwezi wa 18. Kata marando karibu na ardhi, fukua kwa uma badala ya jembe, osha, kata vipande vya sentimita 2.5 hadi 5, anika kivulini penye upepo kisha juani hadi vivunjike.

Marando yaliyokatwa ndiyo vipando vya tuta jipya, yakiwa yametoka kwenye miche jike uliyoitia alama ya uzi ilipokuwa na masuke. Tuta hilo liwe mahali pengine, na miche iliyowahi kuota jirani na shimo la uozo wa shingo isichukuliwe kipando hata kama inapendeza.